Hivi kwanini vitu vidogo vinakera kuliko matatizo makubwa?

Kisirani_Kidogo

Wadau habari za saa hizi. Nina swali linaweza kuonekana la kijinga ila naomba mnisikilize kwanza kabla hamjaanza kunicheka.

Wiki iliyopita kompyuta yangu ilizima ikagoma kabisa kuwaka, kazi ya miezi miwili ikaenda na maji, na mimi nikakaa nikatulia nikasema basi ndo imeshatokea, ntaanza upya. Mwenyewe nilijishangaa ule utulivu nimeutoa wapi. Sasa leo asubuhi. Nimeazima kompyuta ya mtu nataka kuingia kwenye akaunti ya kazini, nywila siikumbuki kwa sababu marehemu ndo alikuwa anaikumbuka kwa niaba yangu, afu hata ningekuwa nimeikariri isingesaidia maana kila siku 90 tunalazimishwa kubadilisha. Nikabonyeza "umesahau nywila". Sawa. Naweka mpya, inakataa, inataka herufi kubwa. Naweka herufi kubwa, inataka namba. Naweka namba, inataka alama. Naweka alama ya mshangao, inasema alama hiyo hairuhusiwi (si ungesema toka mwanzo zinaruhusiwa zipi?). Naweka nyota. Nabonyeza. Ikaniambia: nywila mpya isifanane na uliyokuwa unatumia.

Yaani ndo ilikuwa YENYEWE. Nimeikumbuka kwa bahati mbaya na nikakatazwa kuitumia.

Nikasimama nikatoka nje machozi yanalengalenga. Kazi ya miezi miwili imepotea sikulia, leo nalia kwa ajili ya kinyota. Swali langu: ni mimi tu nina matatizo au na nyie mko hivi? Na kwenu kinachowatoa roho ni kipi? Nataka vidogo kabisa, msiniletee habari za siasa na madeni.

fundi_waya

Pole mkuu, hauko peke yako. Kwangu mimi ni hedifoni za waya. Najua watu wengi mmehamia zile zisizo na waya, hongereni, na nyie mna la kwenu la kutafuta kimoja kilichodondoka chini ya kiti, ila mimi bado nipo kwenye waya. Nazikunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, naziweka mfukoni taratibu kama nalaza mtoto. Natembea dakika tano. Nazitoa nakuta kitu kimesukwa, mafundo matatu na moja limepita katikati ya tundu ambalo sielewi hata lilitoka wapi, kwa sababu ncha ya chini ilikuwa bado naishika kwa kidole!

Kwa muda mrefu nilijua ni uzembe wangu mpaka nikaja kusoma kuna watu walilifanyia utafiti kabisa. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichukua kamba wakaitia kwenye boksi, boksi likazungushwa, wakafungua wakaangalia. Wakarudia mara 3,415. Kamba fupi ya chini ya sentimita 46 hivi haikuwa na shida, ila ukiirefusha mafundo yanaongezeka haraka mpaka kwa kamba ndefu karibu nusu ya majaribio ilikuwa inatoka imejifunga. Na inajifunga ndani ya sekunde chache tu. Kinachotokea ni kwamba kamba ikiwa ndani inajiviringa mizunguko mizunguko, afu ile ncha iliyo huru inapita juu na chini ya mizunguko ya jirani yake kila ikitikiswa, kama mtu anasuka nywele vile. Mwaka uliofuata wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti zinazochekesha.

Sasa fikiria hedifoni ina ncha tatu na ni ndefu kuliko hizo sentimita 46. Siwezi kushinda mimi. Angalau nimejua sio mkosi.

BibiMtandao

Mwanangu Kisirani pole sana. Mimi nimefanya kazi na kompyuta tangu skrini zikiwa na maandishi ya kijani kwaiyo nikwambie hiyo nywila yako ilitokea wapi, labda hasira itapata pa kwenda.

Mwaka 2003 kuna mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani inaitwa NIST, jina lake Bill Burr, aliandika mwongozo wa nywila. Mambo ya kuchanganya herufi kubwa na namba na alama, na kubadilisha kila baada ya muda, dunia nzima ilichukua huko. Maofisi yakaubeba kama ulivyo. Na mwaka 2017 huyo mzee akiwa ameshastaafu akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyafanya anayajutia. Mwaka huohuo NIST wenyewe wakauandika upya, wakasema msiwalazimishe watu kubadilisha nywila kila mara bila sababu, badilisheni kukiwa na dalili kwamba imevuja. Maana watu walikuwa wanafanya nini? Ya mwanzo inaishia na 1, akilazimishwa anaweka 2, mara ya tatu anaweka 3. Mwizi naye anajua kuhesabu. Au inaandikwa kwenye kikaratasi inabandikwa pembeni ya skrini, nimeviona vikaratasi hivyo kwa macho yangu, tena kimoja kilikuwa kimeandikwa juu kabisa SIRI.

Kinachosaidia kweli ni urefu. Chukua maneno manne matano ya kawaida yasiyohusiana uyaunganishe, wewe utayakumbuka na mashine itapata taabu kuyabahatisha. Jaribu hivyo kesho ukiwa umepoa.

kaa_la_moto

Nyie watu mna maisha mazuri sana. Mtu anakuja kulia mtandaoni kwa ajili ya kinyota, mwingine hedifoni. Watu wana wagonjwa ndani, watu hawana kazi. Jaribuni kuona aibu kidogo.

Kisirani_Kidogo

@kaa_la_moto ndugu yangu ndo maana nikauliza, aibu ninayo tayari ningekuwa sina nisingeandika mistari yote ile. Na hujasema chako.

@BibiMtandao asante bibi, yaani kumbe aliyetutesa ameshajuta na sisi bado tunateseka?

Mpole88

Flashi. Unachomeka inagoma, unageuza inagoma, unageuza tena ilivyokuwa mwanzo inaingia. Sihitaji kueleza zaidi mnanielewa.

fundi_waya

@Mpole88 hahaha hilo nalo liko kwenye rekodi. USB ilitoka mwaka 1996 na mhandisi Ajay Bhatt aliyeongoza kazi hiyo alishakiri hadharani kwamba inaudhi, ila kuifanya iingie pande zote kungehitaji waya na saketi mara mbili, gharama ingepanda na wao walikuwa wanataka iwe rahisi ili watengenezaji waikubali. Ile ya kuingia vyovyote, USB-C, ikaja 2014. Ujanja wa hizi za zamani: ile alama ya mchoro kama uma wa meno matatu kwenye kichwa cha kebo ndo upande wa juu, tundu likiwa limelala. Likiwa limesimama wima, hapo kila mtu na dua zake.

nusu_usingizi

Mimi ni simu za watu. Sio watu wanaoongea, wanaoongea wawili nawavumilia kabisa hata wakiwa nyuma yangu safari nzima, nalala fofofo. Ila mtu mmoja aongee na simu. Juzi nimekaa kwenye basi mama mmoja kiti cha mbele: "Eeh." Kimya. "Eeh." Kimya. "Akasemaje?" Kimya kireeefu. "HAPANA!" Kimya. "Na mume wake alikuwepo?" Afu akasema ngoja ntakupigia nikishuka AKAKATA. Mimi nikabaki na mume wa mtu kichwani mpaka leo, sijui alikuwepo au hakuwepo.

Nilikuwa na kitabu mkononi, ukurasa mmoja nimeusoma mara sita. Na hii ina maelezo yake jamani sio umbea, mwaka 2010 mtafiti Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa watu kazi ya kuhitaji umakini kwenye kompyuta huku wanasikilizishwa maongezi, wakisikia pande zote mbili wanafanya vizuri, wakisikia upande mmoja wanaharibu. Ubongo unataka kubahatisha neno linalofuata, na ukisikia nusu haubahatishi vizuri kwaiyo unabaki umekaza masikio upende usipende. Yaani unafanyishwa kazi bila malipo.

dada_kimya

Voisi noti. Nawaomba mnisaidie kuelewa binadamu anayerekodi dakika saba. Unafungua, sekunde ishirini za kwanza anapumua na kufunga mlango. "Eeh dada… eeh… nilikuwa nataka kukwambia… ngoja kidogo (anaongea na mtu mwingine)… eeh nimerudi." Anaanza habari ya Jumanne, anakumbuka ya Jumatatu, anarudi nyuma. Dakika ya tano yenye maana anaitamka upepo ukiwa unapiga. Mwishoni: "Kwa hiyo kesho ni saa nne." TU. Ndo ilikuwa habari yenyewe, saa nne.

Afu huwezi kuitafuta. Meseji ya maandishi baada ya wiki unaandika "saa nne" inakuja. Voisi unarudi unaisikiliza yote, na ukiongeza spidi iwe mara mbili anakuwa kama anapiga mnada. Afu ukijibu kwa maandishi "sawa" anakwambia umenuna.

Mpole88

@dada_kimya mimi ndo huyo wa dakika saba. Nisamehe. Ila kuandika na mimi vidole vyangu vinene kibodi inanibadilishia maneno, Kiswahili haikijui, nimeandika "nakuja" imepeleka kitu kingine kabisa nikaulizwa nimetukana nani. Kwaiyo tunakereka pande zote mbili.

dada_kimya

@Mpole88 nimekusamehe ila upunguze kupumua.

mguu_mmoja_nje

@fundi_waya umenifungua macho kuhusu mafundo kwa sababu mimi tatizo langu ni kinyume chako. Kamba za viatu! Wewe waya ambayo hukuifunga inajifunga, mimi kamba niliyoifunga kwa mikono yangu miwili nikaikaza mpaka mguu ukauma inajifungua. Hivi hayo mambo mawili yanawezekanaje kwenye dunia moja?

Na haifunguki ukiwa umekaa, inangoja uwe unavuka barabara na mizigo mikono yote.

Nikaenda kusoma na mimi (uzi huu unatufanya wote maprofesa). Watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley safari hii, mwaka 2017 walimrekodi mtu anakimbia kwenye mashine kwa kamera ya kupunguza mwendo. Mguu ukigonga chini nguvu yake ni kama mara saba ya mvutano wa dunia, fundo linatanuka na kulegea, hapohapo mguu ukirushwa zile ncha za kamba zinachapa hewani kama mjeledi zinavuta. Kugonga na kuchapa vikishirikiana inaanza taratibu, fundo linakaa vizuri muda mrefu, afu likishaanza kuteleza ni sekunde kadhaa tu limekwisha. Ndo maana hulioni likilegea.

Ila kuna kitu nimefaidika nacho cha maana. Kuna namna mbili za kufunga, zinafanana machoni ila moja ni dhaifu sana. Angalia kiatu chako sasa hivi: masikio mawili ya fundo yakilala kushoto na kulia, uko salama. Yakikaa moja linaangalia vidole na lingine kisigino, umefunga ile mbovu. Dawa ni kile kifundo cha kwanza kabisa cha chini uanze kukipitisha kwa upande mwingine ambao hujauzoea. Nina umri wa kuwa na wajukuu na nimegundua nilifunga vibaya maisha yangu yote.

nusu_usingizi

Nimeangalia vyangu. Vinaangalia kisigino. Sina la kusema.

kaa_la_moto

Haya mimi nimerudi kwa sababu nimekaa foleni dakika arobaini leo. Foleni tatu, nachagua ya kushoto, ya kulia inaenda. Nahamia ya kulia, ile ya kushoto inafunguka kama maji, yule mzee niliyekuwa nyuma yake namuona anaondoka ananiangalia. Huyo wa mbele yangu sasa, amefika dirishani NDO anaanza kutafuta karatasi kwenye begi. Ulikuwa unafanya nini dakika zote hizo ndugu yangu?

Msinijibu.

BibiMtandao

Kaa la moto karibu kundini mwanangu, kiti chako tulishakiweka.

Hiyo ya foleni wala sio mkosi, ni hesabu ndogo. Foleni zikiwa tatu na zinafanana, nafasi ya yako kuwa ya haraka kuliko zote ni moja kwa tatu. Kwaiyo siku mbili kati ya tatu lazima kuna jirani anakupita, na siku ukiwapita wewe huangalii nyuma wala hukumbuki. Ndo maana sehemu zenye akili wanaweka foleni moja ndefu inayogawanyika mbele kwenye madirisha, hakuna anayepitwa na aliyekuja baada yake, na hata ukisubiri muda uleule moyo unakuwa mweupe. Hilo la wa mbele kutafuta karatasi akishafika dirishani halina hesabu, hiyo ni tabia.

Na swali la Kisirani la mwanzo naona wote tumelikimbilia pembeni. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake waliandika kwamba jambo likikuumiza sana akili inaamsha ulinzi wake, unajipa sababu, unatafuta watu, unachukua hatua. Jambo dogo halifiki kiwango cha kuamsha ulinzi, kwaiyo linaweza kukaa na wewe muda mrefu kuliko lile kubwa. Kama mtu mwenye goti linalouma sana anaenda hospitali na kupona, na mwenye goti linalouma kidogo anachechemea nalo miaka. Kompyuta ilipokufa watu walikupa pole, si ndio? Nani amekupa pole ya kinyota?

Na kuhusu aibu: utafiti mmoja wa mwaka 1981 wa wanasaikolojia kina Kanner na Lazarus ulikuta kero ndogondogo za kila siku zinatabiri dalili za msongo kuliko matukio makubwa ya maisha. Kati ya kero zilizotajwa sana mle ilikuwepo ya kupoteza vitu au kusahau ulipoviweka. Kabla hata ya simu za mkononi kuenea watu walikuwa wanazunguka ndani wanatafuta funguo.

dada_kimya

Bibi hiyo ya goti imenigusa, nina mlango wa kabati unalia kila nikiufungua mwaka wa tatu huu. Tone moja la mafuta tu. Sijaweka.

mguu_mmoja_nje

Na kile kidirisha cha kukubali vidakuzi (cookies, vile vifaili tovuti inavyokuwekea ili ikukumbuke) kila tovuti unayofungua jamani. "Kubali vyote" ni kitufe kikubwa cha rangi, "kataa" kimefichwa ndani ya "mipangilio" ndani ya "chaguo zaidi". Sheria za Ulaya zilitaka tuulizwe, haya tumeulizwa, sasa tunabonyeza kubali bila kusoma ili tuone hali ya hewa.

Kisirani_Kidogo

Wadau nimerudi na mrejesho. Kwanza asanteni wote, jana nililala nimetulia kwa sababu ya nyie, na @BibiMtandao umesema kweli, kompyuta ilipokufa nilipata simu kumi za pole. Ya kinyota sikumwambia mtu zaidi ya nyie.

Asubuhi nimeamka na akili safi nikafuata ushauri wa bibi. Maneno matano ya kawaida, hayahusiani, nikayaunganisha, nikayakariri nikiwa napiga mswaki, kwenye kamba za viatu nikawa nayarudia (nilikuwa nafunga ile mbovu pia, nimerekebisha). Nikafika nikakaa nikaandika vizuri kabisa, herufi kubwa mwanzoni, namba mwishoni, na kinyota chao nikawawekea wasinisumbue. Nikabonyeza.

"Nywila isizidi herufi 12."

Nimetoka nje tena. Naandikia huku nje.